Unarudi nyumbani na vifaa vya kazi? Ijue meza ya forodha kabla ya kupanda ndege

Na Mwandishi Wetu

NDEGE ilitua saa tisa usiku. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri abiria wote walikuwa wameshaondoka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, amekaa kwenye benchi mbele ya meza ya forodha. Begi lake lilikuwa wazi na kompyuta tatu za mkononi zimepangwa mezani kama bidhaa za dukani.

Uwanja wenyewe sitautaja, kwa sababu kosa halikuwa la uwanja wala la afisa aliyekuwa zamu usiku ule. Afisa alifanya kazi yake, tena kwa upole. Kosa lilikuwa la kwetu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya ili mwingine asilirudie.

Mpwa wangu anaishi Muscat, Oman, na mumewe. Anafanya kazi kwa njia ya intaneti: anatunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo ya Ulaya ambayo ofisi yake hajawahi kuikanyaga. Alikuwa anakuja Njombe kwa miezi miwili kumsaidia mama yake msimu wa kuvuna parachichi. Mpango wake ulikuwa mzuri: asubuhi yuko shambani, mchana hadi usiku yuko kwenye kompyuta akiendelea na kazi ya mwajiri wake. Mshahara usikatike, na mama asivune peke yake.

Katika begi alikuwa na kompyuta tatu. Ya kwanza ilikuwa yake, ameitumia miaka miwili. Ya pili ilikuwa ya mwajiri, ina kibandiko cha kampuni mgongoni. Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya boksi lenye utepe ambao haujakatwa, zawadi kwa mdogo wake wa kiume anayetunza hesabu za kikundi cha wakulima kijijani.

Afisa akauliza, “Hizi ni za nani?”

Mpwa wangu, kwa uchovu na kwa woga, akajibu, “Zote zangu.”

“Hata hii ambayo haijafunguliwa?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Neno moja lisilo la kweli lilizitia shaka kompyuta zote tatu. Ile ya mwajiri haikuwa na barua. Ile yake mwenyewe haikuwa na risiti. Zikaandikiwa hati ya kushikiliwa, naye akaambiwa alete uthibitisho.

Ilikuwa Ijumaa alfajiri. Aliandika kwa mwajiri kuomba barua, lakini aliyetakiwa kuisaini alikuwa safarini, na Jumamosi na Jumapili ofisi za huko hufungwa. Barua ilifika Jumatatu mchana. Kwa siku zote hizo alikaa nyumba ya wageni mjini bila kifaa cha kazi, na ilikuwa mwisho wa mwezi, wakati wa kuandaa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni ile. Mishahara ilichelewa. Aliandikiwa onyo. Huko Njombe nako mnunuzi alikuja na lori lake Jumamosi kama alivyoahidi, na dada yangu akauza bila msaidizi wa kuhesabu kreti. Mpaka leo hajui kwa uhakika zilipakiwa ngapi.

Sheria ni moja, wengi hawaijui

Jambo hili si la wasomi wa mjini peke yao. Vijana wengi wa vijijini sasa wanafanya kazi za kampuni za nje wakiwa mbali na ofisi: wanatafsiri, wanajibu wateja, wanatunza hesabu, wanachora. Wafanyabiashara wadogo nao husafiri kwenda Dubai na Guangzhou na kurudi na kompyuta, mizani, vipima unyevu na simu za kufanyia biashara. Wote hupita kwenye meza ileile.

Sheria inayotawala meza hiyo katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Ilianza kutumika Januari 2005 pamoja na Umoja wa Forodha wa Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi zilizoingia baadaye zikaifuata. Jedwali la tano la sheria hiyo ndilo linalotaja mizigo ya abiria isiyolipiwa ushuru. Ni kurasa chache tu, lakini zingemwokolea mpwa wangu siku zake.

Sheria inawatazama wasafiri kwa makundi. Kuna mgeni anayekuja kwa matembezi yasiyozidi miezi mitatu. Huyu huruhusiwa kuingia bila ushuru na vitu vya matumizi yake binafsi ambavyo haviishi kwa kutumika, mradi awe na nia ya kuondoka navyo. Kuna mkazi anayerejea nyumbani baada ya safari. Huyu husamehewa nguo zake na vitu vyake binafsi na vya nyumbani ambavyo alikuwa akivitumia. Na kuna anayehama moja kwa moja kutoka nchi nyingine kuja kuishi hapa. Huyu husamehewa vitu alivyokuwa akivitumia kule alikotoka.

Ukitazama vizuri utaona neno linalorudi ni matumizi. Kompyuta uliyoitumia, yenye alama za vidole na faili zako ndani, ni kitu chako binafsi. Kompyuta iliyo ndani ya boksi lake haijatumiwa na mtu. Mbele ya afisa hivyo ni vitu viwili tofauti hata kama vimetoka kiwanda kimoja.

Zaidi ya hapo, sheria iliweka kiwango cha dola 500 za Marekani kwa kila msafiri kwa vitu vingine alivyonunua safarini, kwa sharti kwamba awe amekaa nje ya nchi za Jumuiya kwa zaidi ya saa 24, avibebe mwenyewe na avitangaze kwa afisa. Kiwango hicho kilizua mjadala mkali nchini Kenya Novemba 2023, Mamlaka ya Mapato ilipowakumbusha wasafiri kuwa mali inayozidi dola 500 hutozwa kodi. Wengi walidhani ni sheria mpya, kumbe ilikuwa imeandikwa karibu miaka 20 kabla. Kwa kuwa viwango hurekebishwa wakati wa bajeti, uliza kilichopo kabla ya kukata tiketi.

Lakini msamaha wote huo una mlango uliofungwa. Sheria inasema wazi kwamba bidhaa za biashara, au vitu vya kuuza au vya kumpa mtu mwingine, havimo katika msamaha wa abiria. Hapa ndipo zawadi ya mdogo wake mpwa wangu ilipoangukia. Wengi wetu tunaamini kuwa zawadi si biashara na kwa hiyo haina kodi. Sheria haiangalii moyo wako. Inaangalia kitu kinakwenda kwa nani.

Gawa begi lako mafungu manne

Kabla ya kufunga begi, panga vifaa vyako katika mafungu manne. Kila fungu lina njia yake mezani.

Fungu la kwanza ni vifaa vyako mwenyewe ulivyovitumia. Hivi hupita bila ushuru ukiweza kuonyesha kuwa ni vyako na vimetumika. Risiti ya zamani inatosha. Kama huna, picha ya kifaa iliyopigwa miezi iliyopita, au kukiwasha na kuonyesha jina lako, husaidia. Usifike uwanjani na betri iliyokufa.

Fungu la pili ni vifaa vya mwajiri. Hivi si vyako, na usiseme ni vyako. Mgeni wa muda mfupi huwa hapati shida navyo kwa sababu atatoka navyo. Mkazi au mtu anayekaa muda mrefu anaweza kuambiwa atumie utaratibu wa kuingiza mali kwa muda. Sheria ya 2004 inaruhusu mali kuingia bila kulipiwa ushuru kwa sharti la kutolewa tena ndani ya miezi 12, na afisa anaweza kudai dhamana, ama fedha taslimu ama hati ya dhamana kupitia wakala wa forodha. Ukitoka na kifaa ndani ya muda, unadai dhamana yako. Ukipitisha muda, dhamana inaliwa na kodi inabaki palepale. Andika tarehe hiyo ukutani kama unavyoandika tarehe ya kurudisha mkopo.

Fungu la tatu ni vitu vipya ulivyojinunulia. Hapa ndipo kiwango cha msamaha kinapofanya kazi. Vitangaze, onyesha risiti.

Fungu la nne ni vitu vya watu wengine: zawadi, vitu ulivyoagizwa, na bidhaa za kuuza. Hivi vilipie. Simu kumi za aina moja hazitageuka kuwa za matumizi binafsi hata ukizitoa kwenye maboksi na kuzifunga ndani ya soksi. Maafisa wameziona soksi hizo mara nyingi.

Kodi yenyewe ni kiasi gani?

Watu wengi huficha kompyuta kwa kuogopa ushuru ambao haupo. Katika viwango vya pamoja vya ushuru vya Afrika Mashariki, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35, kompyuta za mkononi zimewekwa kwenye fungu la asilimia 0. Nchi zetu zilitaka kompyuta ziingie kwa wingi.

Kinachobaki ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 Kenya, pamoja na tozo ndogondogo za kila nchi. Tuchukue kompyuta mpya iliyonunuliwa dola 600. Ushuru ni sifuri. VAT kwa asilimia 18 ni dola 108, kisha tozo. Hiyo ndiyo fedha aliyokuwa akiikimbia mpwa wangu. Kwa kuikimbia alipoteza siku za kazi, malipo ya nyumba ya wageni, imani ya mwajiri na hesabu ya kreti za mama yake, na mwisho wa yote dola 108 alizilipa vilevile.

Angalia pia kwamba fungu la kompyuta halibebi kila kinachochomekwa kwenye kompyuta. Spika, vipaza sauti, kamera na vipokea sauti vya masikioni vina mafungu yao na viwango vyao. Simu nazo zina fungu lake. Afisa au wakala wa forodha mwenye leseni atakuambia kwa dakika mbili ukimpa jina kamili la kifaa.

Vilevile usitegemee habari za mwaka juzi. Mwaka 2021 Tanzania iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili zishuke bei. Mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Aliyesafiri akiwa na gazeti la 2021 kichwani alishangaa mezani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na ndipo mabadiliko mengi huanza kutumika.

Bahasha ya karatasi nne

Baada ya mkasa ule nilikaa na wakala mmoja wa forodha ambaye amefanya kazi hii miaka mingi. Aliniambia kuwa mizigo mingi inayokwama si ile iliyozuiwa na sheria, bali ile isiyokuwa na karatasi. Tukaandika pamoja orodha ya vitu vya kuweka kwenye bahasha moja, ndani ya begi la mkononi, si ndani ya sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Karatasi ya kwanza ni orodha ya vifaa vyote: aina, rangi, namba ya kifaa iliyochapwa mgongoni, mwaka ulionunua na bei. Ya pili ni risiti au nakala zake. Ya tatu ni barua ya mwajiri. Barua hiyo iwe na jina na anwani ya kampuni, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya kifaa, maelezo kuwa kifaa ni mali ya kampuni, si cha kuuza, na kwamba utarudi nacho. Iwe na sahihi na simu ya mtu anayeweza kujibu. Ya nne ni tiketi ya kurudi, kama unarudi.

Barua ya namna hiyo huandikwa kwa dakika kumi. Iombe wiki mbili kabla ya safari, usiiombe ukiwa kwenye benchi la forodha siku ya Ijumaa.

Tangaza pia unapotoka

Jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau ni siku ya kuondoka. Ukitoka nchini na kompyuta au kamera ya bei kubwa, hakuna kitakachoonyesha siku ya kurudi kwamba uliondoka nayo. Fika uwanjani mapema, mwone afisa wa forodha upande wa kuondoka, umwombe akuandikie vifaa vyako na namba zake. Karatasi hiyo utakaporudi ni ngao.

Utaratibu kama huo upo nchi nyingi. Marekani, kwa mfano, wana fomu namba 4457 ambayo msafiri huijaza na kugongewa muhuri kabla ya kuondoka, ili vitu vyake visitozwe anaporejea. Huko wanajua kuwa kumbukumbu ya mdomo huisha haraka kuliko wino.

Kwa wanaokwenda nje kufanya kazi, viwango vya msamaha hutofautiana. Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu msafiri wa ndege kuingia na vitu vipya vya hadi euro 430, na Falme za Kiarabu huruhusu zawadi zisizozidi dirham 3,000. Kompyuta yako uliyoitumia haihesabiwi humo, maana ni ya matumizi binafsi. Lakini forodha na uhamiaji ni meza mbili. Mtu wa forodha anauliza umebeba nini, mtu wa uhamiaji anauliza umekuja kufanya nini. Viza ya utalii kwa kawaida si kibali cha kazi. Ndiyo maana baadhi ya nchi zimeanza kutoa vibali kwa wanaofanya kazi za mbali. Dubai ilianza mpango wake wa mwaka mmoja mwaka 2020, na Kenya ilitangaza kibali cha daraja N mwaka 2024.

Wanaonunua Dubai

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai wana jambo la ziada la kujua. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya asilimia 5 Januari 2018, na mwishoni mwa mwaka huohuo ukaanza utaratibu wa kuwarudishia watalii sehemu ya kodi hiyo. Sharti ni kununua kwenye duka lililo ndani ya mpango, manunuzi yafikie angalau dirham 250, na kumwambia muuzaji mapema kwamba unataka kurudishiwa, huku ukionyesha pasipoti. Siku ya kuondoka unaonyesha vitu na risiti kabla hujakabidhi mizigo.

Ni fedha yako, ichukue. Ila ujue kuwa risiti hiyo inasema waziwazi kuwa kitu ni kipya, kimenunuliwa lini na kwa bei gani. Huwezi kudai kodi Dubai kwa kusema umenunua, kisha nyumbani useme ni kitu chako cha zamani. Tumia risiti hiyohiyo kote kuwili.

Na usikubali ushauri wa muuzaji anayekuandikia risiti ya bei ya chini “kwa ajili ya forodha.” Maafisa wana kumbukumbu za bei. Wakiikataa bei yako watakadiria wenyewe, na kutoa maelezo ya uongo ni kosa lenye faini au kifungo. Isitoshe, kifaa kikiharibika, dhamana ya kiwanda itafuata risiti hiyohiyo ya uongo.

Betri: hapa si suala la kodi

Wapo waliopita forodha salama lakini wakapoteza vifaa kabla hata ya kupanda ndege. Sababu ni betri za lithiamu, ambazo zikipata hitilafu zinaweza kuwaka moto. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi, ndani ya chumba cha abiria.

Kipimo chake ni wati-saa. Chini ya 100 hubebwa bila shida. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 hazipandi ndege ya abiria. Kama haijaandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki ya miliampea 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Mashirika mengine yana masharti makali zaidi. Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyofika wati-saa 100, na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege. Mfanyabiashara aliyefunga pawabenki ishirini sandukuni ataziacha uwanjani.

Vifaa vya shambani vyenye vibali vyake

Mkulima au kikundi kinachoagiza kifaa kwa ndugu aliye nje kijue kwamba kuna vifaa ambavyo kulipa kodi peke yake hakutoshi.

Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ya kupulizia dawa au kupiga picha shamba, inahitaji kibali. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania nako huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na wizara ya ulinzi inahusishwa. Omba kibali kwanza, nunua baadaye. Droni iliyofika bila kibali hubaki stoo ya forodha hata kama una fedha mkononi.

Vifaa vya mawasiliano ya redio, simu za satelaiti na madishi ya intaneti ya satelaiti navyo viko chini ya mamlaka za mawasiliano. Usidhani kwa kuwa kinauzwa waziwazi kule basi kinaruhusiwa huku.

Mizani ya kidijitali inaweza kupita forodha bila maneno, lakini nchini Tanzania huruhusiwi kuitumia kununulia au kuuzia mazao mpaka ihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Mnunuzi wa kahawa au korosho anayetumia mizani isiyohakikiwa anajitafutia kesi, na mkulima anayepimiwa kwa mizani hiyo ana haki ya kukataa.

Ukifika mezani

Viwanja vingi vina njia mbili: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa aliye nacho. Kupita kijani ni sawa na kutamka kwa mdomo kwamba huna kitu cha kulipia. Ukisimamishwa humo na boksi jipya, umeshajibu swali kabla hujaulizwa. Kama una shaka, pita nyekundu. Hakuna faini ya kutangaza kitu ambacho kumbe hakikuwa na kodi.

Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Toa bahasha. Ukikadiriwa kodi unayoona imezidi, omba kwa adabu kuonyeshwa kiwango na fungu lililotumika, na unaweza kuomba kumwona msimamizi wa zamu. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue stakabadhi. Fedha unayoombwa bila stakabadhi si kodi. Kifaa kikishikiliwa, usiondoke bila hati yenye namba ya kifaa, hali yake, tarehe na jina la ofisi.

Mwaka uliofuata

Mpwa wangu alikuja tena msimu uliofuata. Safari hii alipita njia nyekundu. Alikuwa na kompyuta mbili, yake na ya mwajiri, na boksi moja jipya lenye mashine ndogo ya kuchapa stakabadhi kwa ajili ya kikundi cha mama yake. Alitoa bahasha kabla hajaulizwa.

“Hii ya kwangu, risiti hii hapa. Hii ya kazini, barua hii hapa. Na hii si yangu, naomba nikadirie.”

Nilikuwa nje ya kioo nikisubiri, nimeshajiandaa kwa nyumba ya wageni. Sikumaliza hata kikombe cha chai. Alitoka akisukuma toroli, akaniambia, “Twende mjomba, lori linakuja kesho.”

Tulifika Njombe usiku. Asubuhi mnunuzi alipopaki gari lake, mpwa wangu alikaa kwenye kigoda pembeni mwa lori na daftari, akahesabu kreti moja moja. Zilipomalizika alimpa mama yake stakabadhi iliyochapwa. Dada yangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akamwambia mnunuzi kwamba sasa wanaweza kuzungumza juu ya bei.